Jedwali linasema nitapata dola 4,000 nikifika miaka 38. Baba anasema nisisaini

Jambo sana, Mama Shefu,

Ninakuandikia kutoka Kampemba, hapa hapa Lubumbashi. Nina miaka 28. Nilisoma Politekniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), upande wa umeme, na tangu Juni 2022 niko kwenye kampuni ndogo inayochukua kazi za matengenezo migodini, upande wa Kolwezi: pampu, mota, kabati za umeme. Jina la kampuni nitalimeza, maana wenzangu wanasoma safu yako ya ushauri.

Nilianza na dola 520, wakati wa majaribio. Miezi sita ikaisha, wakaniweka kwenye 650. Agosti 2023 wakanihamishia kambini, na zamu za usiku juu yake, ikawa 800. Juni 2024 nikasaini mkataba wa pili, wakanipandisha kwenye metrizi, daraja la wasimamizi, ikawa 1,000. Hizo ni za kwenye karatasi. CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi zikishapita, mfukoni inaingia kama 810.

Basi nikakaa na kompyuta. Nyongeza tatu, wastani wake ni 24%. Nikajiambia, mimi si mtu wa tamaa, nichukue 15% tu kwa mwaka. Jedwali likanipa hivi: nikiwa na miaka 30, dola 1,322. Miaka 35, dola 2,660. Miaka 38, dola 4,046. Nimelichapisha, liko ukutani juu ya kitanda changu.

Sasa kuna nyumba mtaa wa Bel-Air. Vyumba vitatu, sebule, kisima chenye pampu, mwembe mmoja mkubwa uani. Mwenye nyumba ni mzee anayehamia Kinshasa kwa watoto wake, na amekubali nilipe kwa mafungu: kianzio dola 6,000, halafu 400 kwa mwezi miaka miwili ya kwanza, 600 miaka miwili inayofuata, na 900 mwaka wa tano. Jumla 40,800. Mafungu yanapanda jinsi mshahara unavyopanda, ndiyo maana niliyapenda. Kwenye kianzio nina 4,500, na kikelemba cha kazini (mchango wa kupokezana) kitanipa 1,500 zamu yangu ikifika. Ila nikikosa miezi mitatu mfululizo, nyumba inarudi kwake na nusu ya nilicholipa inabaki huko.

Baba yangu alifanya kazi miaka 24 kwenye kampuni kubwa ya hapa. Nilipomwonyesha jedwali alivaa miwani, akalisoma mpaka chini, akanirudishia. Akasema: "Mshahara ni mvua ya Oktoba." Akaenda kumwagilia lengalenga zake. Namheshimu mzee wangu, lakini yeye alilipwa kwa zaire, mimi ninalipwa kwa dola. Si dunia moja.

Mchumba wangu ni muuguzi. Yeye anasema hesabu yangu ni nzuri sana, ila ni ya mtu asiyeugua, asiyezaa na asiyefiwa. Mahari tumepanga Julai.

Swali langu, Mama: 15% ni nyingi? Kijana kama mimi ahesabu asilimia ngapi kwa mwaka? Mzee wa Bel-Air anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Kuhusu kazi sina wasiwasi. Mkataba wa pili unaisha Juni hii, lakini shefu ameniambia nitulie, kuna nyongeza nzuri inakuja.

Ni mimi mtoto wako,
Mwana wa Kampemba

*

Mwanangu wa Kampemba, jambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka yote nikaenda moja kwa moja kwenye ile sentensi uliyoiacha mlangoni kama viatu: mkataba unaisha Juni. Tutaifikia. Kwanza tushughulike na jedwali, maana limekupa usingizi mtamu na mimi ndiye ninayekuja kukuamsha.

Wewe uliishia miaka 38. Mimi nilikuwa na chai na kikokotoo, nikaliendeleza. Kwa 15% yako hiyo ya mtu asiye na tamaa, ukifika miaka 48 utapata dola 16,367 kwa mwezi. Ukifika 58, miaka miwili kabla ya pensheni, utapata dola 66,212. Kwa mwezi, baba. Nilishika daftari la mishahara miaka 27, na katika miaka hiyo niliona kila karatasi, kuanzia ya mlinzi wa lango hadi ya mkubwa mwenye madereva wawili. Tarakimu kama hiyo sikuiandika hata siku moja.

Kosa haliko kwenye 15 yenyewe. Ukiniambia mwaka ujao utaongezwa 15%, nitasema inawezekana, hongera. Kosa ni kuchukua asilimia moja na kuivuta kila mwaka mpaka uzee, kana kwamba mshahara ni mtoto anayerefuka akiwa amelala. Mshahara unapanda ngazi. Unasimama kwenye kidato kimoja miaka mitatu, minne, wengine kumi, halafu unaruka. Na anayeruka ana sababu ya kuruka, ambayo kila mara ilikuwa imeandikwa mahali.

Ndiyo sababu nataka tuzifungue nyongeza zako tatu, moja moja, jinsi nilivyokuwa nikiwafungulia watu waliokuja ofisini kwangu siku ya malipo wakiwa wamekunja uso.

Ya kwanza, kutoka 520 hadi 650. Hiyo si nyongeza. Ulikuwa kwenye majaribio, wakakununua kwa bei ya kujaribu, na majaribio yalipoisha wakakulipa bei yako. Mshahara wako wa kuanzia ni 650. Futa 520 kwenye jedwali, inakudanganya kuliko kitu kingine chochote humo.

Ya pili, kutoka 650 hadi 800. Hapo hukupanda, uliuza usiku wako. Kachukue karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita uangalie mistari. Mstari wa mshahara wa msingi unasema ngapi, na mistari ya primi, yaani marupurupu, inasema ngapi? Naweka kitenge changu kipya rehani kwamba zile 150 hazimo kwenye msingi. Ni primi ya usiku, primi ya kukaa mbali, pengine na ya chakula. Wakikurudisha karakana ya Lubumbashi mchana, zinarudi zilikotoka, na hakuna atakayekuwa amekudhulumu.

Hapa acha nikusimulie, kwa sababu nimeyaona mengi. Tulikuwa na fundi mmoja, mtu wa makini, zamu za usiku miaka sita. Alipoumia mgongo akarudishwa mchana. Mwisho wa mwezi mke wake alikuja kwangu na karatasi mbili mkononi, ya zamani na mpya, akiwa na hakika kwamba mimi nimekula tofauti. Alikuwa ameongea nami kwa sauti ya sokoni. Nikamkalisha, nikamwekea kidole kwenye mstari wa msingi wa karatasi ya zamani, kisha wa mpya. Ulikuwa ule ule. Ulikuwa ule ule kwa miaka sita. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza: "Kwa hiyo shule ya watoto tulikuwa tunalipia na usingizi wake?" Yeye alielewa kabla ya mume wake, ambaye aliendelea kunisalimia kwa shida hadi alipoondoka.

Ya tatu, kutoka 800 hadi 1,000. Hiyo ndiyo nyongeza. Umebadilishwa daraja, umeingia metrizi, jina la kazi limebadilika kwenye mkataba. Shika hiyo, uijivunie.

Kwa hiyo una nyongeza moja ya kweli tangu 2022. Na kuna kitu kingine kidogo: ulihesabu nyongeza badala ya kuhesabu miaka. Nyongeza tatu ukazifanya miaka mitatu. Lakini tangu Juni 2024 mpaka leo hujaongezwa hata senti, na miezi hiyo yote haimo kwenye wastani wako. Miezi ya ukame nayo ni miezi.

Sasa, ahesabu ngapi kijana kama wewe? Kwenye mikataba mingi niliyoishika hapa Katanga, nyongeza ya ukongwe (ya miaka ya kazi) ndani ya daraja moja ilikuwa 3% kwa mwaka. Tafuta kwenye wako. Kwa 3%, dola 1,000 zinakuwa 1,344 baada ya miaka 10, na 2,427 baada ya miaka 30. Hiyo ndiyo sakafu, ikiwa kampuni ipo na inaheshimu karatasi yake. Kinachozidi hapo kinatoka kwenye kuruka kidato: kutoka metrizi kuingia kadre, daraja la wakubwa, au kutoka kampuni hii kwenda nyingine inayolipa vizuri zaidi kazi ile ile. Na vidato vingi viko mwanzoni. Watu wa daftari langu walipanda mbio kati ya miaka 25 na 38 hivi, halafu wengi wakasimama. Hawakuwa wavivu. Viti vilikuwa vimejaa. Angalia kwenu: viti vya kadre ni vingapi? Nani amekalia kile unachokitaka? Kama ni mtu wa miaka 36 na Jumapili anacheza mpira bila kuhema, kiti hicho hakitakuwa wazi kesho.

Usikate tamaa, mwanangu. Umeme wa viwandani ni ufundi unaotafutwa kutoka hapa mpaka Kolwezi, na ninajua waliozidisha mshahara wao mara mbili kwa kuhama mara moja. Ila walihama. Hawakuketi wakingojea asilimia. Na kabla ya kuhama walikuwa na kitu cha kuonyesha: mafunzo ya umeme wa nguvu kubwa yenye cheti, Kiingereza cha kuandika ripoti, hata Kichina cha kuagiza vipuri kwa wale walio kwenye kampuni za Wachina. Hakuna hata kimoja cha hivyo nilichokiona kwenye jedwali lako.

Kuhusu mzee wako. Unasema yeye alilipwa kwa zaire, si dunia moja. Basi nikuambie jambo ambalo huenda hakukuambia: hakuna kijana wa leo ambaye mshahara wake umepanda kama wa baba yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tarakimu kwenye karatasi zetu zilipanda karibu kila mwezi. Oktoba 1993 walileta zaire mpya, moja ikachukua nafasi ya milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Ungemwonyesha baba yako jedwali la miaka ile, mstari ungetoboa dari ya nyumba, na kwenye sufuria hamkuwa na kitu. Yeye hakulisoma jedwali lako kama mtu asiyeelewa asilimia. Alilisoma kama mtu aliyewahi kupata asilimia nyingi kuliko wewe.

Tena, kampuni kubwa za zamani hazikulipa fedha tu. Kulikuwa na mposho, gunia la unga linafika nyumbani. Kulikuwa na nyumba ya kambi, hospitali, shule. Mama alikuwa anaweza asijue tarakimu ya mshahara, lakini siku ya mposho aliijua. Leo wewe unapewa dola, na nyumba, unga, daktari na shule vyote vinatoka ndani ya dola hizo hizo. Ukitaka kujilinganisha na baba yako, vihesabu na hivyo.

Na dola, mwanangu, nayo si jiwe. Juni 2022, mwezi ule ule ulioanza kazi, bei za huko Marekani zilikuwa zimepanda 9.1% ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa miaka 40. Hapa kwetu bukari (ugali) yenyewe inategemea Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoikausha Zambia na mahindi yakaadimika, kila mama wa Kenya na Katuba, komini zetu za hapa Lubumbashi, alilijua hilo kabla ya redio kulisema. Mwaka wa namna hiyo, 3% ya ukongwe inaishia kwenye unga. Mshahara umepanda, wewe umesimama pale pale.

Halafu kuna bei ya madini, ambayo wewe wala shefu wako hamna usemi juu yake. Katikati ya 2008 tani moja ya shaba ilikuwa juu ya dola 8,000. Mwisho wa mwaka ilikuwa kama 3,000. Miezi ile nilichapa barua za kusimamisha kazi mpaka utepe wa printa ukakauka, na waliozipokea walikuwa vijana kama wewe, baadhi wametoka kusaini deni la gari. Au angalia jana tu: Februari 2025 serikali ilifunga kobalti isitoke nchini, na ilipofungua Oktoba ilikuwa kwa viwango vilivyogawanywa kwa kila kampuni. Kiwanda kikipunguza kasi, anayekatwa kwanza si mtu wa mgodi. Ni yule wa kampuni ndogo iliyochukua kazi ya matengenezo. Ni wewe.

Sasa Juni.

Umesaini mkataba wa muda wa kwanza 2022, wa pili 2024. Sheria yetu ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inasema mkataba wa muda hauzidi miaka miwili, na mtu hawezi kufunga zaidi ya miwili ya aina hiyo na mwajiri mmoja, ukiacha kazi za msimu na nyingine chache. Maana yake Juni hii mna njia mbili. Mkiendelea, unakuwa mfanyakazi wa mkataba usio na mwisho. La sivyo, wanakushukuru na kukupa cheti cha kazi. Shefu wako anaijua sheria hiyo vizuri kuliko anavyojua siku yako ya kuzaliwa. Waajiri wengi hawaupendi mkataba usio na mwisho, kwa kuwa kumtoa mtu huyo kunahitaji sababu na kunagharimu. Wengine humwachia kijana mlangoni Mei, huku wakimtuliza tangu Januari. Sisemi wa kwako ni wa hao. Nasema ahadi ni deni, na hili la kwako halina tarehe, halina tarakimu wala sahihi. Juu ya deni la namna hiyo wewe unataka kusaini deni lenye vyote vitatu.

Hapo hapo kwenye hatari ndipo penye nafasi yako. Hakuna wakati utakaokuwa na nguvu ya kuongea kama miezi hii kabla ya Juni, kwa sababu wakikuachia watalazimika kumfundisha mwingine kabati zile. Nenda kwa shefu wiki hii, kwa heshima, na karatasi moja. Muulize mambo mawili tu: baada ya Juni ni mkataba gani, na mshahara wa msingi utakuwa ngapi. Sema msingi, usiseme mshahara. Wakikupa 1,150 ambayo 200 ni primi, na wakikupa 1,050 ya msingi mtupu, chukua ya pili hata mama mkwe akikucheka. Akikujibu kwa mdomo, mwandikie ujumbe jioni: "Shefu, asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa hivi na hivi." Kama hakujibu, umejibiwa.

Na huku nyuma peleka barua yako ya kuomba kazi sehemu nyingine mbili au tatu. Hata usipohama, utajua bei yako sokoni, na mtu anayejua bei yake huongea na shefu kwa sauti nyingine kabisa.

Turudi Bel-Air. Mfuko wako ni 810. Mwaka wa kwanza fungu ni 400, nusu ya mfuko, kabla hujala na kabla hujapanda basi. Mwaka wa tatu ni 600. Mwaka wa tano ni 900. Tuchukue kwamba Juni inapita salama na mkataba unakupa 3% kila mwaka, tena tujifanye inafika mfukoni yote, jambo ambalo si kweli, kwa sababu kodi hupanda kwa ngazi na CNSS inachukua 5% yake kwanza. Mwaka wa tano mfuko wako utakuwa na dola 911. Unalipa fungu la 900. Unabaki na dola 11 na mke, na pengine mtoto wa miaka mitatu anayeuliza kwa nini mwembe hauzai mkate.

Hata nikikupa 15% yako, mwaka wa tano mfuko unakuwa kama 1,417, na nyumba inakula 900. Karibu theluthi mbili. Kwa hiyo mafungu haya ni mazito hata ndani ya ndoto yako mwenyewe, na hilo jedwali halikukuambia kwa sababu hukuliuliza.

Jibu langu: usisaini kwa masharti hayo. Fungu lako, kwa mfuko wa leo, lisipite 270, na liwe lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Lisipande. Kwa 270, baada ya kianzio, nyumba hiyo ingekuchukua karibu miaka 11, na mzee wa watu hawezi kukungoja Kinshasa muda huo. Maana yake si nyumba ya mtu mwenye mshahara wako, bado. Inauma, najua, nami napenda miembe. Lakini dola zako 6,000, upande wa komini ya Annexe, bado zinaweza kuongea na mwenye lopango tupu, yaani kiwanja. Matofali utayaongeza miezi mizuri na kuyaacha miezi mibaya, na hakuna atakayekunyang'anya nusu kwa sababu umekosa miezi mitatu. Kama utarudi kujadiliana na mzee hata hivyo, ile sharti ya nusu ndiyo ya kwanza kuondoka mezani. Na iwe Bel-Air au Annexe, usitoe hata franka moja kabla hujaona sertifika ya usajili na kuihakikisha kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Hilo si swali lako lakini siwezi kuliacha lipite.

Kuna mtu mmoja hukunipa tarakimu yake. Muuguzi wako anapata ngapi? Umenipa mshahara wako mpaka wa mwaka 2036, wake wa mwezi uliopita sikuuona. Kaeni pamoja, kila mmoja na karatasi yake, mfanye hesabu tatu. Ya kwanza, mshahara wako usipoongezwa hata kidogo miaka mitano. Ya pili, kwa 3%. Ya tatu, ukipata kidato kimoja, kimoja tu, mwaka wowote. Deni lolote mtakalosaini lisimame kwenye ile ya kwanza. Ya tatu iwe ya kuota Jumapili. Na ongezeni mstari mmoja ambao wanaume husahau: jamaa. Mshahara ukipanda kwa 100, shangazi wa Likasi anasikia kabla ya banki. Ada ya mdogo wako, msiba, dawa ya mama. Katika daftari langu niliona watu wakipandishwa cheo mwezi wa tatu na kuja kuomba mkopo mwezi wa nne, na sikuwacheka, kwa sababu hata mimi nilipofanywa shefu wa malipo, nyumba yangu ilijaa wageni mpaka Krismasi.

Maneno ya mchumba wako kuhusu mtu asiyeugua, asiyezaa na asiyefiwa nimeyaandika kwenye kijitabu changu. Mahari ya Julai, kama wakwe wanasikia la mtu, iombeeni isogee hadi Agosti, Juni ikishajulikana.

Ukishaongea na shefu, niandikie alichokupa. Nitumie na mistari ya karatasi ya mshahara, ufiche jina. Nataka kujua kama kitenge changu kimebaki salama.

Mama Shefu